Samaki wa Tanganyika ndani ya sanduku la kioo: nani anaweza kuishi na nani?

Moba, Kapampa, Moliro, Bemba, Kiriza. Kwa sisi wakaaji wa upande wa magharibi wa ziwa Tanganyika, hayo ni majina ya mahali: mji, vijiji, pwani ambako mitumbwi inatua. Lakini kule Ujerumani, Ubelgiji, Marekani ao Japani, kuna watu ambao hawajakanyaga Kongo hata siku moja, na wanayajua majina hayo kwa kichwa. Kwao ni majina ya samaki. Mtu anaingia dukani, anaomba Moba, na muuzaji anaelewa papo hapo kama anatafuta yule samaki mkubwa wa mistari, mwenye rangi ya buluu na nundu kwenye paji la uso.

Hapa hatuzungumzi juu ya ndagala, mukeke ao sangala. Hao ni wa sufuria. Tunazungumza juu ya samaki wadogo wa mawe na mchanga, wale ambao watoto wanawaona karibu na miguu yao wakienda kuoga, na ambao mvuvi akiwakuta ndani ya wavu hapati nao franga nyingi. Ng'ambo, samaki mmoja wa namna hiyo anaweza kuuzwa makumi ya dolari. Anawekwa ndani ya akwariomu, ni kusema sanduku la kioo lenye maji, mwanga na mashine ya kusafisha maji.

Mtu yeyote anayeanza kufuga samaki hao anakutana na swali moja: nani anaweza kuishi na nani? Wengi wanafikiri ni swali la bure. Wanasema: mbona ndani ya ziwa wanaishi wote pamoja na hakuna mtu anayewapanga? Basi wananunua huyu juu ya rangi, yule juu ya umbo, wanamimina wote ndani ya sanduku moja. Kisha mwezi mmoja nusu yao wamekufa. Ili kuelewa juu ya nini wamekufa, inapashwa kwanza kuelewa ziwa lenyewe.

Ziwa moja, mitaa mingi

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 673 hivi, na kina chake kinafika mita 1.470. Ni ziwa la pili duniani kwa kina, nyuma ya Baikal ya Urusi. Nchi nne zinaligawana: Kongo ina karibu asilimia 45 ya maji yake, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Ni ziwa la zamani sana, wataalamu wanahesabu miaka milioni 9 hadi 12. Katika muda huo wote, samaki wa ukoo mmoja na tilapia, wanaoitwa sikilidi, wamejigawa katika aina karibu 250. Karibu wote hawapatikani pahali pengine duniani.

Lakini usifikiri kama hao 250 wanatembea huku na kule kama watu sokoni. Kwanza, maji yenye hewa ya kupumua hayaendi chini sana. Chini ya mita 100 upande wa kaskazini, na mita 200 na kitu upande wa kusini, samaki hawezi kuishi. Kwa hiyo wanaokaa karibu na pwani wanabanana kwenye ukanda mwembamba. Na ndani ya ukanda huo kila mmoja ana mtaa wake. Kuna wa mawe yanayopigwa na mawimbi. Kuna wa mawe ya chini penye giza. Kuna wa mchanga, kuna wa makombe ya konokono, kuna wanaokaa katikati ya maji bila kugusa kitu. Kila mmoja ana chakula chake pia: huyu anakwangua majani ya kijani kwenye mawe, yule anatafuta wadudu mchangani, mwingine anameza samaki wenzake.

Ndiyo maana wanaishi pamoja. Hawapendani. Wanaachiana nafasi, na anayeshindwa vita anaogelea mita 20 na mambo yanakwisha. Ndani ya sanduku la mita moja na nusu, anayeshindwa hana pa kwenda. Anapigwa asubuhi, anapigwa saa sita, anapigwa jioni, mpaka anakufa. Mfugaji hawezi kuleta ziwa lote nyumbani. Anapashwa kuchagua mtaa mmoja wa ziwa, ao miwili isiyogombana, na kuujenga vizuri.

Maji kwanza, samaki nyuma

Maji ya Tanganyika hayafanani na maji ya mto Kongo ao ya kisima chochote. Mito inaleta chumvi na madini ndani ya ziwa, na Ruzizi peke yake inaleta mingi kutoka ziwa Kivu, kwenye nchi ya volkano. Maji yanatoka kidogo tu kwa mto Lukuga, pale Kalemie. Sehemu kubwa inatoka kwa njia ya mvuke, na mvuke hauchukui chumvi. Basi madini yanabaki ziwani na kuongezeka. Wapimaji wa maji wanatumia kipimo cha pH: 7 ni maji ya katikati, chini yake ni maji yenye asidi, juu yake ni maji ya upande wa magadi. Tanganyika iko karibu na 9. Joto lake pia halibadilikibadiliki: mawimbi yanakaa kati ya digrii 24 na 28 hivi mwaka mzima.

Mtu anayekaa kando ya ziwa ana bahati, maji yanayofaa yako mbele ya mlango wake. Achote mbali na pahali ambapo watu wanafulia nguo na mbali na mdomo wa mto, ayaache yatulie. Mwenye kukaa mbali, Bukavu ao Lubumbashi ao Bruxelles, inaomba apime maji ya robine yake. Kama yana klori, ayaache ndani ya ndoo wazi siku nzima ao atumie dawa ya kuiondoa. Kama pH iko chini, mawe ya chokaa ndani ya sanduku yanasaidia, na bikarbonati ya soda, ile ya jikoni, inasaidia pia. Lakini kidogokidogo na kwa kupima, si kwa kumwaga kiganja kizima. Samaki anavumilia maji yasiyokuwa kamili kuliko maji yanayobadilika kila siku.

Kuna hatari moja ambayo waanzaji hawaioni kwa macho. Samaki anakojoa na kunya ndani ya maji anayoyapumua. Takataka hizo zinatoa amonia. Katika maji ya pH 7, chini ya sehemu moja kwa mia ya amonia ndiyo yenye sumu, ile nyingine haina ubaya mkubwa. Katika maji ya pH 9, karibu sehemu moja kwa tatu inageuka kuwa sumu. Ni kusema uchafu ule ule ambao samaki wa mtoni anauvumilia, samaki wa Tanganyika unamuua.

Wanaosafisha sumu hiyo ni bakteria wanaokaa ndani ya sponji ya filtri na juu ya mawe. Wanageuza amonia kuwa kitu kingine, kisha kitu kingine tena ambacho si kikali sana. Lakini wanachukua muda kuzaliana: wiki 4 hadi 6. Kwa hiyo sanduku jipya linapashwa kuzunguka maji bila samaki, ao na samaki wachache sana, muda huo wote. Wengi hawana uvumilivu. Wananunua sanduku siku ya posho na samaki siku ya mungu, na siku ya nne wanalia. Kisha hapo, kila wiki badilisha sehemu ya maji, moja kwa kumi ao mbili kwa kumi. Na sponji isioshwe chini ya robine. Ioshwe ndani ya maji yaliyotolewa kwenye sanduku, kama sivyo klori itaua bakteria wote na unaanza upya.

Na umeme? Huku kwetu swali hilo haliwezi kurukwa. Filtri ikisimama saa nyingi, bakteria wanakosa hewa, samaki pia. Mwenye kufuga inapashwa awe na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ao paneli ya jua. Akikosa, achote maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, mara nyingi, ili hewa iingie. Na siku hiyo asiwape chakula.

Watu wa mawe: Tropheus

Samaki wa mawe wanaopendwa kuliko wengine wanaitwa Tropheus. Ni wa urefu wa santimetri 12 hivi, wenye kichwa cha mviringo na mdomo uliotazama chini, mdomo wa kukwangua. Mtaalamu George Albert Boulenger aliandika juu ya Tropheus moorii mwaka wa 1898, na jina linamkumbuka Mwingereza J. E. S. Moore aliyefanya safari za utafiti ziwani. Tropheus duboisi alikuja kujulikana nyuma, mwaka wa 1959, kwa kazi ya Georges Marlier aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti cha Uvira, kituo ambacho leo kinaitwa CRH, Centre de Recherche en Hydrobiologie. Watoto wa duboisi ni weusi wenye madoa meupe kama nyota. Wakikua madoa yanapotea, kichwa kinakuwa buluu, na mkanda mmoja mweupe ao wa manjano unazunguka mwili.

Tropheus anakula majani madogo ya kijani yanayoota juu ya mawe, na utumbo wake ni mrefu sana juu ya chakula hicho. Ukimpa nyama, moyo wa ng'ombe ao minyoo, anakula kwa furaha, kisha tumbo linavimba, anakataa chakula, anajificha kwenye pembe, anakunya nyuzi nyeupe, na mara nyingi anakufa. Ugonjwa huo unaweza kumaliza sanduku zima kwa wiki moja. Basi hapo jirani wa kwanza wa kukataa anajulikana: samaki yeyote anayeomba chakula cha nyama hawezi kukaa na Tropheus, hata kama hawapigani. Sahani ni moja, na huwezi kumwambia Tropheus asiguse.

Jambo la pili ni ugomvi. Ukiweka Tropheus wanne, mwenye nguvu atamchagua mnyonge na kumfukuza mpaka afe. Kisha atachagua wa pili. Ukiweka 15 ao 20, hasira inagawanyika, hakuna anayebeba mzigo wote. Inashangaza, lakini kwa samaki huyu wengi ni amani kuliko wachache. Lakini wengi wanaomba nafasi: sanduku la litri 300 na zaidi, mawe yaliyopangwa vizuri, hewa nyingi. Na wote waingie siku moja. Mgeni anayekuja peke yake nyuma ya miezi 6 anapokelewa kwa meno.

Watu wa makombe

Kwenye mchanga wa ziwa kuna pahali ambapo makombe matupu ya konokono Neothauma yamelala kwa maelfu. Kila kombe ni nyumba. Neolamprologus multifasciatus, mmoja wa sikilidi wadogo kuliko wote duniani, haipiti santimetri 4 ao 5. Anachimba mchanga kwa mdomo, anazika kombe, anaacha tu mlango. Familia nzima inakaa pamoja, kila mmoja na chumba chake. Samaki huyo anaweza kufugwa ndani ya sanduku la litri 60 ao 80, na ndiye tunamshauri mtu anayeanza na asiye na pesa nyingi. Inaomba mchanga wa santimetri 5, makombe zaidi ya hesabu ya samaki, na chakula kidogo kidogo.

Ndugu yake Lamprologus callipterus ana tabia ya ajabu. Dume anabeba makombe kwa mdomo, anayakusanya, wakati mwingine anamwibia jirani, na majike wanakuja kutaga ndani. Dume ana uzito karibu mara 12 ya jike, yeye mwenyewe hawezi kuingia ndani ya nyumba alizozileta. Ndani ya sanduku dogo, mtu mwenye mabavu namna hiyo atabeba hata nyumba zenye wenyewe ndani. Asiwekwe na wadogo.

Wa chini: frontosa

Yule Moba na yule Kapampa wa mwanzo wa habari hii ni wa jamii ya Cyphotilapia. Jina lililozoeleka ni frontosa, lakini mwaka wa 2003 Wajapani Takahashi na Nakaya walionyesha kama wale wa nusu ya kusini ya ziwa ni aina ya pekee, wakawaita Cyphotilapia gibberosa. Anafika santimetri 30 na zaidi, na anakaa chini penye giza, mara nyingi kwenye mita 30, 40 ao zaidi.

Frontosa ni mpole kwa macho. Anaogelea polepole kama chifu. Watu wanadanganyika na upole huo, wanamwekea Cyprichromis, samaki wembamba wazuri wanaokaa katikati ya maji. Asubuhi hesabu haitoshi. Kumbe ndani ya ziwa, Cyprichromis ndio chakula chake: anawafuata wakati mwanga ni kidogo, wakiwa wazito. Jirani wa frontosa inapashwa awe mkubwa kiasi cha kutoingia mdomoni mwake, na mtulivu kiasi cha kutomsumbua. Sanduku la litri 500, dume mmoja, majike kadhaa. Chini ya hapo ni gereza.

Majirani wabaya

Kuna samaki watatu ambao uzuri wao unauza, lakini wanavunja nyumba.

Wa kwanza ni Perissodus microlepis, mla magamba. Anavizia samaki mwenzake kutoka nyuma na kung'oa magamba ubavuni. Mdomo wake umepinda, kwa wengine kulia, kwa wengine kushoto. Mwaka wa 1993 mtafiti Mjapani Michio Hori alieleza katika gazeti la Science namna mambo hayo yanavyosawazishwa: waliopinda upande mmoja wakizidi, samaki wengine wanajifunza kulinda ubavu ule, na waliopinda upande mwingine wanapata nafasi, mpaka wanazidi nao. Ziwani hilo ni hesabu nzuri. Ndani ya sanduku, ni kuchuna watu ngozi bila mwisho.

Wa pili ni Synodontis multipunctatus, yule mwenye ndevu na madoadoa. Hapigani na mtu. Lakini samaki wanaobeba mayai kinywani wanapotaga, anapita haraka, anatupa mayai yake katikati, na mama anayaokota pamoja na yake. Watoto wa Synodontis wanaangua mbele na wanakula watoto wa mwenye nyumba mule mule kinywani. Mwenye kutaka kuzalisha Tropheus asimweke.

Wa tatu ni Neolamprologus brichardi, aliyepewa jina la Pierre Brichard, Mbelgiji aliyeuza samaki wa ziwa ng'ambo akiwa Burundi tangu miaka ya 1970. Huyu kosa lake ni kupenda familia. Watoto wakubwa hawaondoki, wanabaki kusaidia wazazi kulinda wadogo. Uzao wa kwanza, wa pili, wa tatu, wote wanasimama mbele ya jiwe lao. Nyuma ya mwaka mmoja sanduku zima ni la familia moja, na wengine wamesukumwa juu kwenye pembe. Akae peke yake na ukoo wake, atakufurahisha.

Mapatano matatu yanayodumu

Kwa mtu anayetaka jibu fupi, hii ndiyo mipango ambayo wafugaji wa siku nyingi wanairudilia.

Sanduku la wala majani, litri 300 na zaidi: kundi moja la Tropheus 15 hadi 20, pamoja na wachache wa Eretmodus, wale wadogo wanaorukaruka kwenye mawe ya mawimbi. Wote wanakula majani, wote wanapenda maji yenye hewa nyingi.

Sanduku la ghorofa tatu, litri 250 hivi: makombe na multifasciatus upande mmoja wa chini, lundo la mawe na jozi moja ya Julidochromis upande mwingine, Cyprichromis 10 ao 12 juu. Kila mmoja ana ghorofa yake. Kati ya mawe na makombe acha mchanga mtupu, ndio mpaka. Na weka kifuniko, Cyprichromis anaruka.

Sanduku la wakubwa, litri 500 na zaidi: frontosa na mapango makubwa, mwanga kidogo.

Katika yote matatu, ona kama hatukuanza na rangi. Tulianza na chakula, kisha mahali pa kulala, kisha ukubwa wa mdomo.

Jina la kijiji lisipotee

Bado kuna kosa moja ambalo haliui samaki hata mmoja, lakini hasara yake ni kubwa. Tropheus havuki mchanga mrefu wala maji ya kina, anaogopa kuacha mawe. Kwa hiyo wa pwani hii na wa pwani ile ya pili, wakitenganishwa na ghuba moja tu, wameishi mbali kwa maelfu ya miaka. Leo rangi zinazojulikana zinapita 100. Wa Bemba ni mweusi mwenye mkanda wa rangi ya machungwa. Wa Moliro ni mwekundu. Ndani ya sanduku moja mpaka huo haupo tena. Wanaoana, na watoto wanatoka wa rangi isiyo ya pahali popote. Watoto hao wakiuzwa kwa jina la Bemba, ni uongo, na kisha vizazi vitatu hakuna anayeweza kujua ukweli.

Ndiyo maana mfugaji makini anauliza kijiji kabla ya bei, anaandika jina hilo kwenye sanduku, na hachanganyi Tropheus wa pwani mbili. Na kwa sisi tulio kando ya maji kuna amri moja zaidi: samaki aliyefugwa asirudishwe ziwani ovyo. Ukimtoa Moliro na kumwachilia Uvira kwa huruma, umeleta mgeni mahali ambapo hakuwahi kuwa, pengine na ugonjwa, na damu zitachanganyika.

Na huku kwetu

Biashara hii inaanza na kijana anayezamia na wavu. Kwa frontosa kazi ni ya hatari kwa wote wawili. Kwenye mita 40, mkandamizo ni mara 5 wa ule wa juu. Samaki akivutwa haraka, hewa iliyo ndani ya kibofu chake inavimba mara 5, tumbo linabanwa, anafika juu akiwa amegeuka. Mzamiaji mwenye kujua anampandisha kwa hatua, siku kadhaa, ndani ya kizimba kinachoinuliwa mita chache kila mara. Na mzamiaji mwenyewe damu yake inafuata sheria hiyo hiyo: akipanda haraka anaweza kupooza ao kufa.

Inapashwa pia kuhesabu. Ndagala anakua na kuzaa ndani ya muda usiofika mwaka, kwa mayai mengi sana. Tropheus anataga mayai 5 hadi 15 hivi, mama anayabeba kinywani karibu mwezi mzima, na anapokula, watoto nao wanapata chakula mule ndani. Samaki anayezaa hivyo, na anayekaa kwenye mawe ya kijiji kimoja tu, wavu wa siku chache unaweza kumpunguza vibaya. Hakuna wengine watakaokuja kutoka pwani ya pili kujaza nafasi, juu hawavuki mchanga.

Adui mwingine hana wavu. Ni matope. Milima inayosimama juu ya Uvira na Fizi ikikatwa miti, mvua inashusha udongo mpaka ziwani. Udongo unafunika mawe, majani ya kijani yanakosa mwanga, mapango yanazibwa. Mwaka wa 1993 Andrew Cohen na wenzake walichapisha kazi iliyoonyesha kama upande wa kaskazini wa ziwa, pale penye matope mengi pana aina chache za viumbe kuliko pale penye maji safi. Wakaaji wa Uvira walioona Mulongwe ya Aprili 2020 hawahitaji kuelezwa mto ukishuka na mlima unabeba nini. Maji yale yalichukua nyumba na watu. Udongo wake uliishia ziwani.

Basi mfugaji wa ng'ambo na mkaaji wa pwani wanashika kamba moja kwa ncha mbili. Yule akiuliza kijiji, akinunua waliozaliwa kwenye masanduku pale inapowezekana, na akikataa waliovutwa vibaya, wavu unapungua hapa. Sisi tukiacha miti kwenye mteremko na mawe yakabaki safi, samaki wenye majina ya vijiji vyetu wataendelea kuwa na vijiji. Kwa mwenye kutaka kuanza kufuga leo: sanduku dogo, mchanga, makombe 20, multifasciatus 6, na wiki 6 za kungoja kabla ya kuwaingiza.